Je, Esau Alikuwa na Kibali? Uwindaji, Nyama na Kumbukumbu ya Damu katika Nchi ya Songea

Katika darasa la kipaimara tulilokuwa tukilifundisha Mjimwema, katika Manispaa ya Songea, tulifika siku moja kwenye sura ya 27 ya kitabu cha Mwanzo. Isaka amekuwa mzee, macho yake yamefifia, naye anamtuma mwanawe mkubwa aende nyikani na upinde na podo, amwindie mnyama na kumwandalia chakula kitamu, ili ale na kumbariki kabla ya kufa. Tulikuwa tumejiandaa kueleza habari ya baraka na haki ya mzaliwa wa kwanza. Lakini kijana mmoja wa miaka 14 aliinua mkono akauliza: "Mchungaji, Esau alikuwa na kibali?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alikwisha kusikia, kama watoto wote wa mkoa huu walivyosikia, kwamba mtu atokaye porini na nyama ni jangili, na kwamba jangili hupelekwa mahakamani. Tulijibu upesi, kama wachungaji tujibuvyo tunaposhikwa pabaya, kwamba katika siku za Isaka hapakuwa na sheria hiyo. Kijana akauliza tena: "Ilianza lini?" Hatukuwa na jibu siku ile.

Tulipowauliza nao ni wangapi waliopata kumwona mnyama akifa kwa ajili ya chakula chao, karibu wote walikuwa wamemwona kuku, wachache mbuzi, wala hakuna hata mmoja aliyemwona ng'ombe. Nyama ya ng'ombe, walisema, hutoka buchani. Tusiongeze chumvi hapa. Mjimwema si Dar es Salaam. Familia nyingi za kata hii bado zina shamba la mahindi mahali fulani nje ya mji, na mtoto wa Songea ajua unga umetoka wapi kuliko mtoto wa Kariakoo. Hata hivyo, juu ya nyama, na zaidi juu ya nyama ya porini ambayo babu zao waliishi kwayo kwa sehemu kubwa, watoto wale walikuwa wageni katika nchi yao wenyewe.

Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali la kijana yule. Twaona kwamba kutengana kwa watu wetu na chimbuko la kitoweo chao hakukuletwa na mji na bucha peke yake. Sheria ilitangulia, vita na njaa vikafuata, na Kanisa lilisimama karibu likitazama. Nasi watumishi wa Neno jambo hili linatuhusu kwa njia ya pekee, kwa kuwa kila tunapoadhimisha Meza ya Bwana tunanena habari za damu mbele ya watu ambao tumewaacha wasahau damu ni nini.

Uwindaji kabla ya boma

Wangoni waliingia katika nchi hii ya Ruvuma katikati ya karne ya 19, baada ya safari ndefu iliyoanzia kusini mwa Afrika. Zwangendaba aliwavusha watu wake mto Zambezi mwaka 1835, naye akafa Ufipa mnamo 1848. Kutoka katika makundi yaliyotawanyika baada ya kifo chake, na kundi la Wamaseko lililopitia njia nyingine, ndipo zilipotokea hatimaye tawala mbili za Wangoni katika nchi ya Songea, Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini. Historia yao si historia ya malaika. Walitwaa ng'ombe na mateka, na watu waliowakuta, kama Wandendeule na Wamatengo, walitiwa chini yao au walikimbilia milimani. Nyama ya heshima kwa Mngoni ilikuwa ya ng'ombe.

Lakini nchi hii haikuwapenda ng'ombe. Mbung'o walitawala mabonde ya miombo, na mapema katika miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika ya mashariki yote ikiangamiza mifugo na wanyama wengi wa porini. Kwa hiyo watu wa kawaida, na hasa wale waliokaa pembezoni mwa tawala hizo, walipata kitoweo chao porini. Waliwinda kwa nyavu na mbwa, kwa mikuki, kwa mashimo na vitanzi, na baadaye kwa magobore yaliyoletwa na biashara ya pembe. Wakati wa kiangazi walichoma majani na kuwasaka wanyama waliokimbia moto. Nyati na pofu walikuwa wa wachache walio hodari. Funo, ndezi, kanga na panya wa mashambani walikuwa wa kila mtu, hata wa watoto.

Mambo mawili katika uwindaji ule yastahili kuangaliwa na mwanatheolojia. La kwanza ni kwamba mwindaji hakuwa mbali na mkulima, kwani mara nyingi alikuwa mtu yule yule. Wavu uliomkamata nguruwe pori ulileta nyama jikoni na papo hapo uliokoa mtama shambani. Kuwinda kulikuwa sehemu ya kulima. La pili ni kwamba nyama ya mawindo makubwa haikuwa ya mtu mmoja. Msako wa nyavu wahitaji watu wengi, na nyama hugawanywa kwa wengi. Katika sehemu nyingi za Afrika ya kati na kusini, tembo alipouawa, pembe iliyolalia ardhi ilipelekwa kwa mtawala, kwa kuwa ardhi ilihesabiwa kuwa chini ya uangalizi wake. Palikuwa na sheria, basi, kabla ya sheria. Mtu asidhani kwamba babu zetu waliwinda ovyo ovyo mpaka Mzungu alipokuja kuwafundisha kiasi.

Mwaka 1896

Kijana wetu aliuliza ilianza lini. Jibu la tarehe tunalo: tarehe 7 Mei 1896. Siku hiyo gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kulinda wanyama wa porini katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Amri hiyo iliweka leseni za kuwinda zenye kulipiwa, nayo ilitenga maeneo ya kwanza yasiyoruhusiwa kuwindwa, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Wajerumani walijenga boma lao Songea, na neno la gavana likapata askari wa kulisimamia katika nchi hii. Sheria nyingine za uwindaji zilifuata, kila moja ikibana zaidi, na mwaka 1904 ikaja sheria ya misitu.

Hapo katikati, mwezi Mei 1900, wajumbe wa mataifa ya Ulaya yaliyokuwa na makoloni walikutana London wakatia sahihi mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Mwafrika hakuwapo. Mkataba huo haukupata kutumika rasmi, kwa kuwa mataifa kadhaa hayakuuthibitisha, lakini mawazo yake yalienea. Mojawapo lilikuwa kwamba matumizi ya nyavu na mashimo yazuiwe kadiri iwezekanavyo. Bunduki ya bwana mkubwa ilionekana kuwa uwindaji wa kiungwana. Wavu wa mkulima ulionekana kuwa ukatili.

Yafaa kukiri kwamba Wissmann hakuwa na wazo baya tu. Biashara ya pembe za ndovu ilikuwa imewaangamiza tembo wengi, na wafanyabiashara wa pwani na wa Ulaya walikuwa na mkono mkubwa katika maangamizi hayo. Lakini sheria ilipotungwa haikumpiga mfanyabiashara peke yake. Ilimpiga pia mtu wa wavu, aliyekuwa akimwinda nguruwe kwenye shamba lake.

Hapa tuyatazame maneno, kwa maana maneno hukumbuka mambo ambayo watu wameyasahau. Kamusi za Kiswahili humpa "jangili" maana mbili: mtu mwovu, na mtu awindaye bila idhini. Na katika mahakama zetu hata leo, mtu aliyekamatwa na paja la swala hushtakiwa kwa kupatikana na "nyara za serikali". Nyara ni mali iliyotekwa vitani. Hatujui kama aliyelichagua neno hilo alitambua lilivyo zito. Sufuria ya mtu maskini ikikutwa na nyama ya porini, nyama hiyo huitwa kwa jina la vitu atwaavyo mshindi kwa adui. Wakati huo huo, katika lugha yetu na katika lugha nyingi za Kibantu, nyama ya sufuriani na mnyama wa porini ni neno lile lile. Lugha haikuwatenga.

Wittenberg na wakulima

Sheria ile ilitoka katika nchi ile ile iliyotuletea Katekisimo Ndogo. Hatulisemi hili kwa uchungu. Twalisema kwa sababu suala la nani mwenye haki ya kuwinda lilikwisha kupita mbele ya baba yetu Martin Luther mwenyewe, tena mara mbili, na jinsi alivyolipokea yatufundisha jambo juu ya Kanisa letu.

Mara ya kwanza ilikuwa Agosti 1521, alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg. Wenyeji wake walimchukua kuwinda kwa siku mbili. Alimwandikia rafiki yake Spalatin kwamba alionja furaha hiyo ya wakuu, iliyo chungu na tamu pamoja. Walipata sungura wawili na kwale wachache. Luther alimhurumia sungura mmoja mdogo, akamficha akiwa hai ndani ya mkono wa vazi lake. Lakini mbwa walimgundua, wakamvunja mguu na kumnyonga kupitia nguo. Katika mnyama yule Luther aliona mfano wa nafsi za watu zinazowindwa na Shetani na Papa. Ni fundisho zuri la kiroho. Lakini na tuangalie kilichotokea kwa sungura: mara tu alipokufa aligeuzwa kuwa mfano. Luther hakuuliza kama kuna mkulima wa kijiji cha jirani ambaye angemhitaji sungura yule kwa chakula cha jioni, wala kama mkulima huyo angeruhusiwa kumkamata.

Mara ya pili wakulima wenyewe waliuliza. Mwezi Machi 1525, katika mji wa Memmingen, walitoa madai yao katika vifungu 12. Kifungu cha 4 kilisema juu ya wanyama wa porini, ndege na samaki: kwamba maskini amekatazwa kuwachukua, hali Mungu alimpa mwanadamu mamlaka juu yao, na kwamba mahali pengine mabwana huwaacha wanyama waharibu mazao, naye mkulima hana budi kunyamaza. Msomaji wa Songea akikisoma kifungu hicho atadhani kimeandikwa na jirani yake. Luther aliwajibu mwezi Aprili. Aliwakemea wakuu kwa uonevu wao, naye aliwakemea wakulima kwa kulitumia jina la Kristo katika mambo ya dunia. Ama kuhusu uwindaji, samaki, misitu na mengine kama hayo, aliyaachia wanasheria. Mwezi Mei aliandika kwa ukali mwingi zaidi, na katika mwezi huo huo wakulima walichinjwa huko Frankenhausen. Waliokufa katika vita ile yote ni makumi ya maelfu. Mwaka 2025 ilitimia miaka 500 tangu wakati huo.

Hatumhukumu Luther kana kwamba sisi tungefanya vyema zaidi. Lakini twaamini kwamba lile neno la kuyaachia wanasheria mambo ya nyama na msitu lilisafiri mbali. Wamisionari wa Berlin walioingia nyanda za juu za kusini kuanzia mwaka 1891, na ambao sisi Walutheri wa kusini twawahesabu kuwa wazazi wetu katika imani, walileta pamoja na Injili mazoea ya kutofautisha kazi ya Kanisa na kazi ya serikali. Mengi katika mazoea hayo yalikuwa mema. Ila yalituacha bila neno la kusema gavana alipoweka leseni juu ya kitoweo cha watu.

Maji, nguruwe na njaa

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, vikaenea upesi hadi Ungoni. Sababu zake ni nyingi, na kila mwanafunzi wa shule azijua: pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko, kazi za shokoa. Lakini mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika uchunguzi wake juu ya Uzaramo aliouchapisha mwaka 1997, ameonyesha sababu nyingine iliyosahauliwa. Wanaume walipoondolewa vijijini kwa kazi, na uwindaji wa nyavu ulipozuiliwa, nguruwe pori waliingia mashambani, na wanawake ndio walioachwa kupambana nao. Baadhi ya habari za wakati ule zasema kwamba miongoni mwa waliokwenda Ngarambe kwa Kinjikitile kuchukua maji, wako waliosema wanafuata dawa ya kuyakinga mashamba yao na wanyama waharibifu. Sisi tuliofundishwa kwamba maji yale yalikuwa ya kugeuza risasi tu, yatupasa kutulia hapo. Kabla ya kuwa dawa ya vita, kwa baadhi ya watu yalikuwa dawa ya shamba, yaani dawa ya kitu ambacho wavu ulikuwa umekifanya hapo mwanzo.

Septemba 1905 Wangoni walikishambulia kituo cha Yakobi cha Misheni ya Berlin huko Ubena, alipokuwa mmisionari Gröschel, wakashindwa. Mwezi huo huo misheni ya Wabenediktini ya Peramiho iliteketezwa kwa moto. Kisha ukaja ulipizaji. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Wangoni, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao, walinyongwa hapa Songea, na siku chache baadaye Nduna Songea Mbano. Mahali pao pa kumbukumbu ndipo penye Makumbusho ya Maji Maji, mtaa wa Mahenge, na watoto wetu hupelekwa huko kila Februari. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mahali hapo akaomba msamaha.

Lakini wengi waliokufa hawakufa kwa kamba wala kwa risasi. Chini ya gavana Götzen jeshi lilichoma mashamba na maghala, na maofisa wake hawakuficha kwamba njaa ndiyo silaha itakayomaliza vita. Makadirio ya Wajerumani yalitaja vifo 75,000; mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Watu walirudi porini kutafuta mizizi na nyama, huku bunduki zao zimenyang'anywa.

Baada ya hapo, kama Helge Kjekshus na John Iliffe walivyoeleza, wanyama walirudi mahali watu walipotoweka. Tembo walitembea juu ya mashamba yaliyoachwa, na mbung'o wakawafuata. Waingereza walipochukua nchi waliyaunganisha mapori hayo, mwaka 1922, kuwa Pori la Akiba la Selous, kwa jina la mwindaji Mwingereza Frederick Selous aliyeuawa vitani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Katika miaka ya 1940 watu wengine walihamishwa, hasa upande wa Liwale, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na pori likapanuliwa tena mpaka likafika katika nchi ya Namtumbo, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Songea hadi mwaka 2002. Mtalii asomaye kwamba Selous ni nyika isiyoguswa na mwanadamu haambiwi kwamba sehemu ya nyika hiyo ni makaburi.

Uhuru, na mgawo wa nyama

Tutapita haraka katika miaka iliyofuata. Serikali huru iliirithi sheria pamoja na mapori. Mwaka 1973 uwindaji wote ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1978. Katikati yake ilitungwa Sheria ya Wanyamapori ya 1974, ambayo baadaye ilibadilishwa na ile ya 2009. Watu waliohamishiwa katika vijiji vya pamoja kati ya 1973 na 1976 walisogezwa karibu na barabara na mbali na pori, na ujuzi wa pori ukabaki kwa wazee.

Kisha likaja janga la pembe. Katika Selous tembo walihesabiwa kuwa kama 109,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walikuwa 13,084. Operesheni Uhai ya 1989 ilipunguza mauaji kwa muda, kisha yakarudi. Tusiwachanganye watu wawili hapa. Genge la bunduki za kivita lililotumwa na matajiri wa pembe si sawa na baba aliyetega kitanzi cha funo. Wala hatusemi kwamba kitanzi hakina dhambi: vitanzi vya waya mia vitegwavyo kwa ajili ya soko la mjini huangamiza pori kimya kimya, tena humwacha mnyama akifa kwa siku mbili. Lakini sheria imewaweka wote wawili chini ya neno moja. Mahakama zetu zimepata kuwahukumu watu kifungo cha miaka 20 kwa kupatikana na nyama ya mnyama wa porini.

Palitokea jaribio moja ambalo lilistahili kuangaliwa na Kanisa kuliko lilivyoangaliwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya mpango wa uhifadhi wa Selous uliosaidiwa na Ujerumani, vijiji vilivyopakana na pori, vikiwamo vya Namtumbo, vilipewa mgawo wa wanyama wa kuwinda kwa ajili ya nyama. Askari wa wanyamapori wa kijiji walikwenda kuwinda, wakaleta nyati, nyama ikauzwa kijijini kwa bei nafuu. Huko Likuyu Sekamaganga kilianzishwa chuo cha kuwafundisha askari hao. Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, zilizotokana na sera ya 1998, zilikua kutoka katika mbegu hiyo. Mpango ulikuwa na kasoro zake. Lakini kwa mara ya kwanza tangu 1896 mtu wa kijiji aliweza kula nyama ya porini mchana, mlango ukiwa wazi. Mwaka 2020 serikali ilitoa kanuni za uuzaji wa nyamapori, na mabucha ya nyamapori yakaruhusiwa mijini. Ndiyo kusema nyama ya porini imerudi kwa watu, ila imerudi kupitia buchani.

Kisu na sahani

Sasa tuseme juu yetu wenyewe. Katika usharika mmoja tuliowahi kuutumikia, ambao hatutautaja, mzee mmoja alikuwa akituletea nyama usiku. Ilikuwa imekaushwa, imefungwa katika gazeti. Hatukuuliza imetoka wapi, naye hakusema. Tulishukuru, tukasali, tukala. Jumapili moja tulisoma mimbarani tangazo la kukemea ujangili, naye alikuwa ameketi katika benchi la tatu. Alipokamatwa mwaka uliofuata hatukwenda kumwona gerezani. Tulijiambia kwamba ni jambo la sheria. Leo twajua tulilitoa wapi neno hilo.

Tunadhani kwamba unafiki ule ulikuwa na mzizi wa kitheolojia. Torati haikumkataza mwindaji. Kumbukumbu la Torati sura ya 12 yaruhusu kula nyama mbali na madhabahu kama mtu alavyo paa na kulungu. Mambo ya Walawi 17:13 yamwelekeza mwindaji, awe Mwisraeli au mgeni, akimpata mnyama au ndege aliwaye, aimwage damu yake na kuifunika kwa mchanga. Hakuna kuhani hapo, wala madhabahu. Yuko mtu peke yake porini, na damu, na udongo, na Mungu anayeona. Mitume nao, katika Matendo 15, waliwataka Wakristo wa mataifa wajiepushe na damu na mnyama aliyenyongwa. Na mtega vitanzi aangalie neno hilo la mwisho. Ungamo la Augsburg la 1530, katika kifungu cha 28, lataja katazo hilo la damu kuwa mfano wa agizo ambalo Kanisa halilishiki tena, wala asiyelishika hatendi dhambi. Twalikubali. Uhuru huo ni wa Injili. Lakini uhuru wa kutoifunika damu umetufikisha mahali pa kutoiona kabisa.

Katika Tanzania jambo hili lina sura yake. Kwa desturi ya ujirani mwema, Wakristo tumemwachia jirani Mwislamu kisu, katika machinjio na hata katika karamu za arusi, ili wote tuweze kula pamoja. Desturi hiyo ina thamani kubwa. Ilipogombaniwa huko Buseresere, Geita, mwezi Februari 2013, mchungaji mmoja aliuawa, na hakuna kati yetu atakaye kuyaona hayo tena. Hatuombi desturi ivunjwe. Twataka tu tuone imetufanyia nini bila kukusudia. Jirani yetu hulitaja jina la Mungu kwenye kisu. Sisi hulitaja kwenye sahani. Yeye, kila mara, huwa amesimama mahali uhai unapotoka. Sisi hufika mambo yamekwisha, na nyama ina chumvi.

Kisha tunashangaa kwamba wanafunzi wetu wa theolojia huandika kurasa nyingi juu ya upatanisho katika Waraka kwa Waebrania bila kuandika hata mstari mmoja unaoonyesha kwamba damu ni ya moto.

Tulirudi Mjimwema na jibu. Tulimweleza yule kijana habari za tarehe 7 Mei 1896, na za Memmingen, na za nyavu. Alisikiliza vizuri. Katika Sikukuu ya Mavuno ya mwaka ule, baada ya ibada, ulifanyika mnada kama kawaida: mahindi, ndizi, mayai, na kuku hai waliofungwa miguu. Mama yake alinunua jogoo. Jioni kijana alikuja nyumbani kwetu na jogoo kwapani, akasema kwamba atamchinja mwenyewe, na akauliza ni sala gani isemwayo. Tulikichukua kitabu cha ibada tulichokuwa nacho tukatafuta. Tuliziona sala za kabla ya chakula na za baada ya chakula. Ya kabla ya kisu hatukuiona. Tukatoka naye nyuma ya nyumba, tukasimama kimya kitambo, tukaomba kwa maneno yetu wenyewe, wala hayakuwa mazuri sana. Alipomaliza, bila kuambiwa, alisukuma udongo kwa mguu wake mpaka damu ikafunikwa.